Fundi wa Mlango Usiofungika

Mke wangu alinikabidhi njaa yake Alhamisi moja alasiri, mezani, pamoja na daftari jembamba lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Alikabidhi kama mtu anayehama ofisi. Alifuta meza kwanza, akalilaza daftari sambamba na ukingo, kisha akalisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Ijumaa zangu," alisema. "Kuanzia kesho ni zako."

Nilicheka. Mimi hucheka kwanza; mengine hufuata. Msumeno ulinila nusu ya kidole cha shahada nikacheka, moto ukanila karakana nzima nikacheka tena, ingawa mara ile ya pili sauti ilitoka imepasuka kidogo. Lakini Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amevaa sura yake ya kazini, sura ya mwanamke aliyefua na kukunja mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na minane, ambaye hakuna doa linaloweza kumdanganya.

Asubuhi ile daktari alikuwa amempa vidonge vya kushusha sukari na kumwambia waziwazi kwamba vidonge hivyo haviingii kwenye tumbo tupu. Chai asubuhi, chakula mchana, chakula jioni. Kufunga ndiyo basi tena.

Mtu mwingine angeipokea habari hiyo kama likizo. Yeye aliipokea kama mtu aliyeambiwa akabidhi funguo. Kila Ijumaa, tangu kabla sijamjua, alishinda bila kula mpaka jua lizame, na ilipofika saa saba, wenzake wakienda kula, yeye alipita mlango wa uani wa hospitali akaingia kanisani kuomba. Alifunga siku za mvua na siku za jua kali. Alifunga hata siku nyumba ilipojaa wageni na yeye ndiye mpishi, akapika sufuria tatu bila kuonja, na chumvi ikatua pale pale inapotakiwa. Wageni walimsifu yeye. Mimi ndiye niliyevimba kichwa. Hata hivyo, miaka yote hiyo nilikuwa mtani wake mkuu. Nilimwambia malaika wanashindwa kusikia maombi kwa jinsi tumbo lake linavyonguruma.

"Umekosea mtu," nilimwambia. "Mpelekee mchungaji. Yeye ndiye anayelipwa mshahara kwa mambo haya."

"Mchungaji ana Ijumaa zake. Hizi ni zangu, na wewe ni mume wangu."

"Mimi nanyanyua mbao, Mama Pacha."

"Na mimi nimenyanyua mashuka mabichi ya wodi nne. Umewahi kunyanyua shuka bichi, Baba Pacha? Jaribu siku moja, halafu njoo unieleze habari za mbao."

Nilitazama mikono yake, kisha yangu.

"Maji utakunywa," aliendelea. "Uso utaosha, mafuta utapaka, na hutamtangazia mtu. Humu daftarini kuna watu. Utawaombea wote, mmoja mmoja, usiwaswage kama mbuzi. Na sikiliza neno la mwisho: Ijumaa utakayoivunja wewe, Jumamosi yake nafunga mimi."

"Na daktari?"

"Daktari hajawahi kufua shuka langu hata moja."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni niliona ni mchezo wa siku mbili tatu, atazoea, nitasahaulika.

*

Karakanani wananiita Nyuzi Tisini. Jina hilo nilijipa mwenyewe, lakini lilishika, kwa sababu ni kweli. Kona zangu ni kona. Nikikutengenezea mlango, utaufunga kwa kidole cha mwisho na utasikia mlio mdogo wa komeo kama mtu anayesema "sawa". Kila mlango wangu nauwekea alama tatu ndogo za patasi, juu kabisa, kwenye ukingo usioonekana na mtu. Sijawahi kuhitaji kuonyesha alama hizo. Milango yangu hairudi. Hilo nililisema mara nyingi kiasi kwamba shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayepaka vanishi kwenye kona ya pili, alikuwa akinimalizia sentensi.

Ijumaa ya kwanza, ilipofika saa nne, shemeji alimimina chai. Akakata mkate. Kisu kilipopita kwenye ganda la mkate ule nilikisikia kikipita ndani yangu.

"Huli, Nyuzi Tisini?"

"Nimeshiba."

"Wewe? Tangu lini?"

Nilijitetea kwa randa. Nilisukuma randa mpaka maranda yakanifika kwenye magoti, na kila kipande kilichojikunja nilikiona kinafanana na kitu cha kuliwa. Saa tano nilikwenda ghalani kutafuta ubao wa futi sita. Juu ya rafu palikuwa na ndizi mbili za shemeji. Sitaeleza mengi. Niliingia kutafuta ubao, nikatoka bila ubao. Daftari lilibaki mfukoni mwa koti, halijafunguliwa.

Jioni Mama Pacha alipakua chakula. Alisubiri nitie tonge la kwanza.

"Wa saba kwenye daftari ni nani?"

Nilitafuna polepole, nikijipa muda. "Yule... mwanamke wa posta?" Posta nilibahatisha tu, kila mtu ana mtu posta.

"Mwanamke wa posta ni wa nne," alisema, akanimiminia maji ya kunywa. Laiti angegomba. Nimeoa mwanamke ambaye kimya chake kina kucha.

Kesho yake asubuhi alimeza vidonge vyake viwili kwa maji, akaisogeza chai pembeni, akaenda uani kuanika nguo. Niliiona chai ile. Niliiona mpaka ikafanya utando juu. Nikajiambia ananitania, na mimi ni mtu wa utani, nikaona nisubiri tuone nani atacheka kwanza.

Saa nne na nusu nilisikia beseni likianguka. Nilimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta, vibanio vya nguo vimetawanyika mapajani. Jasho lilikuwa likimtoka usoni kama aliyemwagiwa maji. Mikono ile, iliyokamua mashuka miaka ishirini na minane, ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto wa siku moja, na aliponiita ulimi ulimgoma katikati ya jina langu.

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nakumbuka nilikoroga sukari kwa mpini wa bisibisi, kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi. Nilimwinua kichwa, nikamnywesha funda baada ya funda, nikampa mkate, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikupata neno la mzaha hata la kujitia moyo. Baada ya kitambo rangi ilimrudi. Alinitazama, akaitazama bisibisi ndani ya kikombe.

"Umeiosha hiyo?"

"Mama Pacha, kwa nini?"

"Nilikwambia." Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayekumbusha saa ya gari kuondoka. "Ijumaa zile si za tumbo langu, Baba Pacha. Kuna watu wanazitegemea na hawajui. Siwezi kuwaacha mlangoni."

Nilikusanya vibanio kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na tisa.

*

Ijumaa ya pili nilifunga kwa kuogopa. Sijidai kwamba nilikuwa na imani. Nilikuwa na picha ya beseni lililopinduka, na hiyo ilitosha. Asubuhi nilinawa uso, nikapaka mafuta mpaka shemeji akauliza kama natafuta mke wa pili. Saa nne nilikunywa maji. Saa tano nilikunywa maji. Saa sita tumbo lilianza kunihutubia, na halikuwa na lugha nzuri. Nikajifunza kwamba njaa haipandi moja kwa moja kama ngazi. Inakuja, inapiga hodi, usipoifungulia inakaa kizingitini ikinung'unika, kisha inaondoka kidogo kwenda kuita wenzake.

Saa saba niliingia ghalani, nikaketi juu ya rundo la mbao, nikalifungua daftari.

Mke wangu hakuwajua wengi wao kwa majina. Aliwaandika kwa alivyowaona. *Mwanamke wa dirisha la pili posta, anayefuta macho kabla ya kumwita mtu anayefuata. Dereva aliyenirudishia mwavuli. Jirani wa ukuta wa kushoto na hasira zake. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja aliyeomba shuka lenye maua.* Pembeni mwa huyo wa mwisho palikuwa na tarehe, na chini ya tarehe, *mjane wake*. Pacha wetu wawili walikuwamo, kila mmoja na mstari wake. Shemeji alikuwamo: *mdogo wangu, apate atakayempikia, na yeye awe na wa kumpikia.* Alikuwamo hata muuza mbao aliyenisingizia kwa mwenye kiwanja mpaka nikahama. Kwa huyo nilikaa muda mrefu. "Bwana," nilisema hatimaye, "huyu unamjua. Na mimi namjua. Tuishie hapo kwa leo."

Wa kwanza kabisa, juu ya ukurasa wa kwanza, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia, aliandikwa: *Fundi wa mlango usiofungika.*

Huyo nilimpenda. Nilimwombea kwa raha zote, kama mtu mzima anavyomwombea mtoto anayejikojolea. Nilimwomba Mungu ampe macho. Kama macho ni shida, basi ampe skwea, kile kipimo cha kona. Na kama skwea nayo ni shida, amwonyeshe kazi nyingine, kwa kuwa dunia ina kazi nyingi zisizohitaji pembe.

Nililisoma daftari mpaka jalada la nyuma. Kisha nikalirudia, kwa sababu kulikuwa na mtu sikumwona.

Mimi sikuwamo.

Nilijiambia si kitu. Mtu hamwombei anayelala naye kitanda kimoja. Anamwona kila siku, ana habari zake zote. Lakini yule wa mwavuli, aliyerudisha mwavuli mara moja tu, alikuwamo. Nilirudi kwenye meza yangu nikapiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba kuliko nilivyotaka.

Jioni ile aliniuliza wa saba, nikamtajia. Akaniuliza wa kumi na tatu, nikamtajia pamoja na hasira zake. Aliitikia kwa kichwa, akapakua chakula, akakaa kula mbele yangu kwa utulivu wa mtu aliyepumzishwa mzigo begani. Sikumuuliza kuhusu mimi. Nyuzi Tisini haombi kuombewa.

Ijumaa ya tatu nilikuwa nimeshapanda cheo machoni pangu mwenyewe. Nilikwenda kumwekea mteja dirisha. Akaleta chai yenye maziwa, akaleta na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, ukarimu ambao sijawahi kutendewa siku nyingine yoyote ya juma. Nilikataa kwa tabasamu laini na macho yaliyoinama kidogo. Nilijiona. Nilijipenda. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu anayeogopa kumwaga kitu kilichojaa kichwani.

Mama Pacha alikuwa mlangoni. Alinikagua kutoka juu hadi chini.

"Nenda kanawe tena."

"Nimenawa!"

"Mafuta umepaka, lakini uso unatangaza. Unatembea kama umeibeba dunia na hakuna aliyekusaidia." Alicheka, na kicheko chake kilinipunguza mpaka nikarudi saizi yangu. "Halafu unaombea wapi?"

"Ghalani."

"Ghalani unawaombea mbao. Ijumaa ijayo nenda pale nilipokuwa nikienda mimi. Chumba cha nyuma, kanisani. Kuna benchi."

*

Kanisani mimi ni mtu wa Jumapili na wa viti vya nyuma, karibu na njia ya kutokea. Huko nyuma ya madhabahu sikuwahi kufika. Ijumaa ya nne, saa saba na dakika tano, niliupita ukumbi mtupu, nikapita kabati la vitabu vya nyimbo, nikafika kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja la juu, benchi moja, na sakafu iliyochakaa mbele ya benchi kwa upana wa magoti mawili.

Niliingia, nikausukuma mlango nyuma yangu. Ukarudi.

Nikausukuma tena. Ukafika karibu na fremu, ukasita, ukarudi upana wa kiganja, na sauti za barabarani zikaingia nao.

Njaa yote ilinitoka. Nilisahau nilichofuata pale. Kumbe ndio huu! Nilisugua mikono. Nilikuwa mbele ya kazi ya yule fundi wangu mpendwa, na nilitaka kumsoma kosa lake kama daktari anavyosoma ulimi. Bawaba zilikuwa nzima. Fremu ilikuwa imesimama wima. Ubaya ulikuwa kwenye mlango wenyewe: umejinyonga, kona ya juu imetoka nje, ya chini imeingia ndani. Hilo halitokani na mkono mbovu. Hilo linatokana na haraka. Mtu ameteremsha mbao kutoka kwenye rundo kabla hazijakauka, akazipiga randa zikiwa bado na maji, akaunga, akapaka rangi, akapeleka. Mlango uliondoka umenyooka. Ulipinda baadaye, ukiwa peke yake, fundi akiwa ameshakwenda kujisifu kwingine.

"Wewe bwana," nilimwambia yule fundi kwa sauti, "ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nilivuta benchi, nikapanda ili nipime kwa jicho jinsi ukingo wa juu ulivyojinyonga.

Ukingo ule ulikuwa na vumbi la miaka, zito kama blanketi. Ila sehemu moja, karibu na bawaba, upana wa kidole, palikuwa pasafi. Panang'aa hata, kama mahali panapopapaswa mara kwa mara. Na katikati ya usafi ule, alama tatu ndogo za patasi.

Nilizihesabu mara mbili.

Sasa nilikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kwenye karakana ya fundi mkuu aliyenifundisha. Alisafiri wakati wa mvua, akaniachia kazi ya milango kumi na miwili. Nilitaka arudi akute imekwisha. Nilizishusha mbao mbichi, nikasema hakuna atakayejua, na nilipozipiga randa maji yalinirukia usoni nikayafuta kwa mkono. Wachukuzi walikuja na mkokoteni, wakaipeleka milango sijui wapi. Haikurudi hata mmoja. Ndipo nilipoanza kusema milango yangu hairudi.

Na nilimwambia, yule msichana wa mashuka, miaka miwili baadaye, tulipokuwa tukitembea bila kushikana mikono. Nilimtambia habari za alama zangu tatu, mahali pasipoonekana na mtu. Alisikiliza kwa makini sana. Kesho yake, au Ijumaa yake, lazima alipanda benchi hili.

Akajua. Akaolewa na mimi akijua. Alinisikia nikijisifu mbele ya wageni, mbele ya pacha, mbele ya mdogo wake, mara elfu, na hakuinua hata unyusi. Kila Ijumaa akaja hapa na tumbo tupu, akausukuma mlango usiofungika, akapanda, akaweka kidole, akashuka, akapiga magoti na kuanza na wa kwanza.

Nilishuka. Magoti yangu yaliingia kwenye zile sehemu mbili zilizochakaa. Zilikuwa ndogo kwangu. Nilifungua daftari mahali pale pa wino wa kahawia, na kwa mara ya kwanza sikujua nimwombee nini yule mtu. Nilikaa tu naye, na njaa ikarudi ikakaa nasi, watatu, barabara ikipita nje ya mwanya.

*

Jua lilipozama alinikuta nimeketi mezani, uso umeoshwa.

"Umewaombea wote?"

"Wote. Ila wa kwanza alinichelewesha."

Alipakua bila kunitazama. Mwiko ulisimama kidogo juu ya sufuria. "Anaendeleaje?"

"Amepinda," nilisema. "Lakini bawaba zake ni nzima. Nadhani anatengenezeka."

Mabega yalianza kumtikisika kabla kicheko hakijatoka. Alicheka mpaka akakaa, akajifuta macho kwa pindo la nguo, na mimi nikacheka naye, kwa kuchelewa safari hii.

"Ijumaa nakwenda na randa," nilisema. "Halafu ule mstari tuufute."

"Randa peleka." Akanisogezea sahani. "Mstari uache. Naye bado sijamalizana."

Ijumaa iliyofuata nilifika mapema. Niliuteremsha mlango, nikaulaza juu ya vigogo viwili uani, nikaupunguza pale palipovimba, nikahamisha bawaba ya chini, nikaongeza ukanda mwembamba kwenye fremu. Kazi ya saa tatu, bila chai. Ukingo wa juu sikuugusa. Vumbi na yote.

Saa saba Mama Pacha alitokea mlango wa uani wa hospitali, ametoka kula chakula chake cha mchana kama alivyoagizwa. Aliusukuma mlango kwa kidole cha mwisho. Komeo likasema "sawa". Akaufungua, akaufunga tena, akaufungua, kama mtoto na kitu kipya.

"Daftari," alisema, akinyoosha mkono.

"Zamu si yangu?"

"Njaa ni yako. Magoti bado ninayo."

Aliingia. Nilisikia benchi likiburutwa, kisha kimya kifupi, kimya cha mtu aliyenyoosha mkono juu. Benchi likaburutwa tena. Baada ya hapo nilijua amefungua ukurasa wa kwanza, na nilijua nani yuko juu yake, na kwa miaka yote ya utani wangu sikuwahi kutaka kusikia jambo kama nilivyotaka kusikia lile. Nilisogea. Nilibandika sikio kwenye mbao, tumbo langu likinguruma ukumbi mzima.

Hakikutoka kitu. Hata pumzi. Mlango ulikuwa umefungika barabara.